Macho Yako Angani, Kazi Iko Ardhini

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wahandisi wa mawasiliano na wanafunzi wao. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawaahidi sitawachelewesha.

Nimeombwa nizungumzie setilaiti za kijeshi. Nilikubali, ila setilaiti zenyewe sitazigusa sana. Nitazungumzia madishi. Nitazungumzia vyumba visivyo na madirisha, kompyuta zilizozeeka kazini, na ratiba ambazo watu wazima wanazigombania kila siku. Najua wapo waliokuja wakitarajia roketi. Poleni sana.

Niwaulize. Setilaiti ikisharushwa, ikafika mahali pake, ikakunjua paneli zake za sola, ni nani anayeiambia la kufanya? Nani anajua kwamba betri yake inapata joto kuliko kawaida? Nani anaisogeza ili isigongane na takataka za angani? Rubani hayumo. Yupo mtu ardhini, amekaa mbele ya skrini, na kati yake na ile setilaiti lipo dishi. Liondoe dishi, na kile chombo kilichogharimu mamilioni ya dola kitaendelea kuzunguka kikifanya yale tu kilichoagizwa mara ya mwisho, mpaka kitakapopatwa na jambo ambalo hakikuagizwa.

Neno langu leo ni hili. Kwa zaidi ya miaka 60, fedha na sifa zimekwenda juu, na ardhi imepewa makombo. Sasa kila jeshi lenye setilaiti linasema linataka kuufanya mtandao wake wa ardhini uwe wa kisasa. Vizuri. Lakini dishi jipya ni la kununua, na la kununua si gumu. Kinachowashinda watu ni kuubadilisha mtandao ambao hawaruhusiwi kuuzima hata siku moja.

Kabla sijaenda mbali, twende kwanza ndani ya chumba chenyewe, maana wengi huisikia kazi hii bila kuiona.

Setilaiti ya obiti ya chini inamaliza kuizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Kituo kimoja cha ardhini kinaiona kwa dakika kumi, zikizidi sana kumi na tano. Dishi linaelekezwa kwenye upeo wa macho kabla setilaiti haijachomoza. Inapochomoza, mawimbi yanashikwa na namba zinaanza kumiminika kwenye skrini: volti za betri, joto la tangi la mafuta, kasi ya magurudumu ya ndani yanayoiweka setilaiti ielekee inakotakiwa. Mwongozaji anazisoma na kuzilinganisha na zilivyotakiwa kuwa. Zikiwa sawa, anatuma amri. Anasubiri setilaiti imrudishie ile amri kuthibitisha kwamba imeipokea kama ilivyotumwa. Hapo ndipo anaiambia itekeleze. Anatuma nyingine. Anasubiri tena. Muda wote huo dishi zito linageuka nje, linaifuata ile setilaiti kutoka ukingo mmoja wa anga hadi mwingine. Kisha setilaiti inazama na namba zinaganda. Amri ambayo haikupata nafasi itangoja kituo kingine, au mzunguko mwingine.

Kusikiliza hali ya chombo, kupima kilipo, kukitumia amri. Kazi ni hizo tatu, na hazijabadilika tangu mwanzo. Na mwanzo wenyewe ulikuwa na vituko.

Aprili 1959 Marekani ilirusha Discoverer 2. Hadharani ulitangazwa kuwa mradi wa sayansi. Kwa siri ulikuwa sehemu ya mpango wa Corona: setilaiti za upelelezi zitakazopiga picha kwa filamu, kisha kuidondosha ile filamu duniani ndani ya kapsuli yenye mwavuli. Discoverer 2 haikubeba kamera, ilikuwa ya majaribio tu. Roketi ilifanya kazi. Chombo kilifika kwenye obiti, kikatulia, kikatii. Kapsuli ilitakiwa ishuke karibu na Hawaii. Lakini saa ya kuiachilia ikakosewa. Ikashuka upande wa Spitsbergen, kaskazini kabisa mwa Norwei, na haikupatikana. Wamarekani wakabaki na wasiwasi kwamba Warusi ndio walioiokota.

Mmeelewa kilichotokea? Angani hakuna kilichoharibika. Kilichokosewa ni wakati, na kapsuli ya siri ikaangukia upande mwingine wa dunia.

Walijifunza. Tarehe 11 Agosti 1960 kapsuli ya Discoverer 13 iliopolewa kutoka Bahari ya Pasifiki. Wiki moja baadaye, ya Discoverer 14 ikadakwa na ndege ingali hewani, ikining'inia kwenye mwavuli wake. Filamu ile moja ilionyesha eneo la Umoja wa Kisovieti kubwa kuliko lililopigwa picha na safari zote za ndege za upelelezi za U-2 zilizotangulia. Hapo jeshi likajua kwamba haliwezi tena kuishi bila setilaiti, na kwa hiyo haliwezi kuishi bila vituo vya kuzisikiliza.

Vituo vikaenea. Makao makuu yakawa Sunnyvale, California, baadaye ndani ya jengo la buluu lisilo na madirisha ambalo watu waliliita Blue Cube. Vituo vya mbali vikapewa majina mafupi ya redioni, na majina hayo bado yanatumika: cha Hawaii ni HULA, cha Vandenberg, California, ni COOK, cha kisiwa cha Diego Garcia, Bahari ya Hindi, ni REEF, cha Greenland ni POGO, cha Oakhanger, Uingereza, ni LION. Palikuwa na kimoja kilichoitwa INDI. Hicho kilikuwa Shelisheli, juu ya milima ya kisiwa cha Mahé, kikafanya kazi kuanzia 1963 hadi 1996. Kilianza visiwa vikiwa koloni la Mwingereza, kikapita katika uhuru wa 1976, na kwa miaka 20 iliyofuata taifa huru likawa mwenyeji wa dishi la jeshi la nchi nyingine. Tunapozungumzia mitandao hii tusijifanye ni ufundi mtupu. Dishi linahitaji ardhi, na ardhi ina mwenyewe.

Sasa tuje leo. Mtandao huo, ambao sasa uko chini ya Jeshi la Anga za Juu la Marekani, lililoanzishwa Desemba 2019, una antena ngapi? Fikirieni kwanza. Unahudumia setilaiti za mawasiliano, za maonyo ya makombora, za hali ya hewa, za upelelezi, pamoja na kila chombo kipya kinachorushwa na kuhitaji kushikwa mkono siku zake za kwanza. Ngapi? Mia tano? Mia mbili?

Wakaguzi wa Bunge la Marekani, ile ofisi inayoitwa GAO, walizihesabu katika ripoti yao ya 2023. Antena 19, katika vituo 7 duniani kote. Kumi na tisa! Na ripoti ilisema wazi kwamba mahitaji yanapanda, na kwamba antena zinavyotumika kwa wingi ndivyo muda wa kuzifanyia matengenezo unavyobanwa. Nanyi mafundi mnajua mwisho wa mtambo usiopumzishwa.

Hebu niwape kisa kinachoonyesha muda wa dishi una thamani gani. Agosti 2010 ilirushwa setilaiti ya kwanza ya AEHF, ya mawasiliano ya siri ya kijeshi, yenye uzito wa tani 6 hivi. Roketi iliiacha mahali sahihi. Kazi ya kupanda hadi obiti ya juu, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, ilikuwa ya injini yake yenyewe. Injini ikaagizwa iwake, haikuwaka. Uchunguzi ulielekeza kwenye bomba la mafuta lililoziba, na kilichoshukiwa kuliziba ni kipande cha kitambaa kilichosahaulika kiwandani. Ndiyo, kitambaa.

Wangeweza kuiandika hasara. Badala yake wahandisi wa ardhini walikaa wakapanga upya safari nzima kwa kutumia vijiinjini vidogo, hasa vile vya umeme ambavyo havikukusudiwa kazi kubwa kiasi hicho. Msukumo wake ni mdogo sana. Safari iliyopangwa kuchukua miezi michache ikachukua 14. Miezi 14 ya kuisikiliza, kuipima, kuirekebisha, kuiagiza, kisha kuisikiliza tena. Ilifika Oktoba 2011 na ikaanza kazi. Watu waliisifu sana setilaiti ile kwa uvumilivu wake. Mimi nawasifu waliokaa kwenye viti, na nawasifu zaidi waliokuwa wakipanga ratiba ya madishi, kwa sababu kila saa aliyopewa mgonjwa huyu ilitoka kwenye saa za wengine.

Basi dawa ya msongamano ni nini? Wapo wanaosema tuongeze madishi. Dishi la jadi la mita 13 au 18 linaongea na setilaiti moja kwa wakati mmoja. Ukitaka kuongea na mbili, unahitaji mawili. Njia nyingine ni antena za mpangilio wa fazi. Hizi hazigeuki. Ni bamba lenye vipengele vidogo vingi mno, na kila kipengele kinacheleweshewa wimbi lake kwa kiasi kidogo sana, hivyo mwale unaelekea unakotaka bila kitu chochote kusogea. Unaweza kuugawa ukawa na miale kadhaa, kila mmoja na setilaiti yake. Mwaka 2022 jeshi lilitoa mkataba wenye kikomo cha dola bilioni 1.4 kwa kampuni ya BlueHalo, chini ya mpango unaoitwa SCAR, kwa ajili ya antena 12 za aina hii.

Ni teknolojia nzuri. Lakini msiipokee kama muujiza. Bamba bapa linapoinamisha mwale karibu na upeo wa macho, nguvu yake inapungua. Vipengele vingi vinamaanisha joto jingi, umeme mwingi, na upimaji usiokwisha wa kuhakikisha vyote vinaongea kwa pamoja. Na hata ukizipata zote 12 kesho asubuhi, bado kuna swali ambalo antena haiwezi kulijibu: nyuma yake kuna nini?

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Kwa miongo mingi, kila aina ya setilaiti ya kijeshi ilinunuliwa pamoja na mfumo wake wa ardhini. Kampuni inayounda setilaiti ya maonyo inaunda na kompyuta zake, skrini zake, lugha yake ya amri. Inayounda ya mawasiliano vivyo hivyo, na ya hali ya hewa vivyo hivyo. Mwongozaji akihamishwa kutoka kikosi kimoja kwenda kingine anaanza moja, kama hajawahi kuiona kazi. Ukitaka kubadilisha jambo dogo, unarudi kwa kampuni ileile, kwa sababu ni yeye peke yake anayejua mle ndani mna nini. Nani atapandisha bei? Wewe jibu.

Mfano wa GPS kila mmoja wenu anao mfukoni. GPS, ule mfumo wa setilaiti unaokuonyesha ulipo na saa sahihi, ni mfumo wa kijeshi. Sisi wengine tumekaribishwa. Septemba 2005 ilirushwa setilaiti ya kwanza yenye uwezo wa kutoa M-code, mawimbi maalumu ya kijeshi yaliyo magumu kuvurugwa. Mwaka 2005. Ili mawimbi hayo yatumike ipasavyo, mfumo wa ardhini ulihitaji kubadilishwa. Februari 2010 kampuni ya Raytheon ikapewa kazi ya kuunda mfumo mpya unaoitwa OCX, kwa mkataba wa dola milioni 886.

Mwaka 2016 gharama zilikuwa zimepanda kiasi cha kuvunja kikomo cha sheria ya Marekani, ile inayoilazimu Wizara ya Ulinzi kulieleza Bunge kwa nini mradi usifutwe. Haukufutwa. Desemba 2018 setilaiti ya kwanza ya GPS III ikarushwa, na OCX kamili bado haipo. Wakafanya nini? Wakarudi kwa mfumo wa zamani, ule uliokuwa kazini tangu 2007, wakautia kiraka ili uweze kuziongoza setilaiti mpya. Wakautia kiraka kingine ili uweze kushughulikia M-code, na hicho kikakubaliwa kutumika 2020. Hesabuni wenyewe kutoka 2005. Miaka 15 uwezo uko angani, wa kuuamuru hayupo!

OCX ilikuja kupokelewa na jeshi Julai 2025, gharama ikiwa imepita dola bilioni 6. Na kupokelewa hakukuwa kuanza kutumika. Ilikuwa ruhusa ya kuanza kuijaribu kwa setilaiti halisi.

Nimewasikia watu wakiicheka kampuni. Mimi siicheki, au tuseme siicheki peke yake. Jiulizeni: mkataba ulitaka nini? Ulitaka mfumo mpya mzima, wenye ulinzi mkali wa mtandao ambao masharti yake yaliongezeka njiani, uchukue nafasi ya mfumo unaotumika na ndege, meli, benki na minara ya simu duniani kote, bila mtumiaji hata mmoja kuhisi mabadiliko. Hii ni kuziba chombo kikiwa katikati ya bahari, na abiria wamelala. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuutaka wote kwa mkupuo. Vile viraka vilivyodharauliwa vilifanikiwa kwa sababu vilikuwa vidogo, na kila kimoja kiliweza kujaribiwa, kikakubaliwa au kurudishwa.

Na viraka navyo vina hatari yake. Januari 2016 setilaiti moja ya GPS iliyorushwa 1990 ilistaafishwa. Jambo la kawaida kabisa. Kuiondoa kwenye orodha kuliamsha hitilafu ndani ya programu ya mfumo wa ardhini, na baadhi ya setilaiti zilizobaki zikapakiwa taarifa mbovu ya saa. Tofauti ilikuwa mikrosekunde 13 na ushee. Ni ndogo mno kwa binadamu, lakini mitandao ya mawasiliano inayosawazisha saa zake kwa GPS ikapiga kengele, na baadhi ya redio za kidijitali zikakatika. Kilichoharibika kilikuwa ile taarifa ya kulinganisha saa ya GPS na saa ya dunia, ndiyo maana ramani za simu hazikupotea. Hakuna adui aliyefanya hivyo. Hakuna kombora. Orodha ilipunguzwa jina moja.

Sasa, adui naye yupo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Tarehe 24 Februari 2022, saa moja hivi kabla ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, maelfu kwa maelfu ya modemu zinazotumia setilaiti ya KA-SAT zilikufa ghafla. Setilaiti hii ni ya kibiashara, ya kampuni ya Viasat, lakini jeshi la Ukraine lilikuwa miongoni mwa wateja wake. Mnadhani ilipigwa? Haikuguswa. Wavamizi waliingia kupitia VPN, ile njia iliyolindwa ya kuingia kwenye mtandao ukiwa mbali, iliyokuwa imepangwa vibaya, wakafika kwenye sehemu ya usimamizi wa mtandao wa ardhini, ile ambayo mafundi wenyewe huitumia kuzihudumia modemu za wateja. Wakiwa humo wakatuma amri zilizoonekana halali, na modemu zikafuta kumbukumbu zao. Nchini Ujerumani mitambo ya upepo 5,800 ikapoteza mawasiliano na wasimamizi wake, ingawa iliendelea kuzunguka na kutoa umeme. Mei mwaka huohuo Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani zikaitaja Urusi kuwa ndiyo iliyohusika.

Mhandisi kijana, nakuomba ulitazame tukio hili vizuri. Setilaiti iko kilomita 36,000 juu. Kuifikia kwa kombora ni kazi ya mataifa machache sana, na dunia nzima ingeona. Kuifikia kwa mlango wa matengenezo uliosahauliwa kufungwa hakuhitaji roketi. Kwa hiyo unapoambiwa mtandao wa ardhini utaunganishwa, kwamba vituo vyote vitaongea lugha moja, kwamba dishi lolote litaweza kuihudumia setilaiti yoyote, furahi, mimi pia nafurahi. Lakini uliza: mvamizi akiingia chumba kimoja, atafika vyumba vingapi? Ile mifumo ya zamani iliyotengana ilikuwa adha kwa mwongozaji, na ilikuwa adha kwa mvamizi pia. Sisemi tubaki nayo. Nasema kuta za zamani zikivunjwa, nyingine zijengwe kwa makusudi, maana zile za kwanza zilijijenga zenyewe kwa bahati.

Niguse masafa ya redio kwa ufupi, maana hili huwa halitajwi. Amri kwenda kwa setilaiti za kijeshi za Marekani zimetumwa kwa miongo mingi kati ya megahezi 1755 na 1850. Kampuni za simu zikayatamani masafa hayo. Mnada uliomalizika Januari 2015, uliojumuisha sehemu ya chini ya mkanda huo, uliingiza karibu dola bilioni 45. Mbele ya fedha za namna hiyo, dishi halina mtetezi. Jeshi likabidi lijifunze kuishi na majirani, na kujitayarisha kutumia pia masafa ya juu zaidi ya megahezi 2000. Sehemu nzuri ya kinachoitwa usasa ni hiyo: kuhama kwa sababu nyumba imeuzwa.

Kuna kisa kimoja nimekihifadhi kwa ajili ya wale mnaoona kuandika kumbukumbu ni kazi ya makarani. Novemba 1969 Uingereza ilipata setilaiti yake ya kwanza ya kijeshi, Skynet 1A. Iliundwa Marekani, ikarushwa kwa roketi ya Marekani, ikawekwa juu ya Afrika Mashariki na Bahari ya Hindi ili majeshi ya Uingereza yaliyokuwa mbali yapate mawasiliano. Ilifanya kazi miaka michache ikafa. Ilipaswa kuwa wapi leo? Kwa mvutano wa dunia ilivyo, chombo kilichoachwa pale kingesogea chenyewe kuelekea mashariki, juu ya Bahari ya Hindi. Haiko huko. Iko nusu ya dunia upande wa pili, juu ya Pasifiki, upande wa bara la Amerika. Haiwezekani imefika huko bila mtu kuwasha injini zake na kuiagiza iende magharibi. Nani? BBC iliandika habari hiyo mwaka 2024, na hakuna aliyeweza kuonyesha karatasi inayosema nani aliagiza, lini, wala kwa nini. Inawezekana ni miaka ya 1970, wakati Oakhanger ilipokuwa kwenye matengenezo na uongozi ukahamishiwa Sunnyvale kwa muda. Inawezekana. Nusu tani ya chuma imehamishwa kutoka bahari moja hadi nyingine, na daftari liko kimya. Sasa inaelea mahali penye setilaiti zinazofanya kazi, ikizipitia jirani.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuhamisha mfumo wa zamani kwenda mpya, kabla hujagusa waya hata mmoja, nenda kwenye makabati. Nenda kwa wazee waliostaafu. Amri zilizomo kwenye mfumo wa zamani zina sababu zake, na mara nyingi sababu hizo hazikuandikwa popote ila kichwani mwa mtu mmoja.

Nielekee mwisho kwa jambo ambalo najua tutabishana, na nataka tubishane. Setilaiti za kijeshi zinaongezeka kwa makundi. Septemba 10, 2025 Marekani ilirusha setilaiti 21 kwa mpigo mmoja kutoka Vandenberg, za mtandao wa obiti ya chini ambao unakusudiwa kuwa na mamia. Hizi zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa mionzi ya leza. Amri ikimfikia mmoja anayeonekana na dishi, inaweza kupitishwa hadi kwa yule aliye upande wa pili wa dunia. Hiyo inapunguza njaa ya madishi. Haiiondoi, kwa sababu chombo kikipotea mwelekeo leza ndiyo inayokatika kwanza, na kinachobaki ni wimbi la redio na mtu wa kulisikiliza.

Wakati huohuo zipo kampuni za kibiashara zenye antena duniani kote zinazokodishwa kwa dakika. Zipo taasisi za kiraia zenye madishi yasiyotumika saa zote. Je, jeshi likodi? Wapo wanaosema hapana, siri za nchi haziwezi kupita kwenye dishi la mtu. Mimi nasema likodi, kwa mpango. Amri imefungwa kwa msimbo kabla ya kutoka chumbani. Dishi linalipitisha fumbo lisilolielewa. Kusikiliza volti za betri kila siku kufanywe na dishi la kukodi, na antena za jeshi ziachiwe siku mbaya: injini isiyowaka, mawimbi yanayovurugwa, chombo kinachobingirika. Ila mkataba uandikwe na mtu aliyewahi kukaa kwenye kile kiti. Dishi la kukodi lina wateja wengine, na siku ya vita wote watapiga simu kwa wakati mmoja. Nani atapewa nafasi kwanza? Kama hilo halimo kwenye mkataba, hujakodi kitu.

Haya, nimewaona wahadhiri wawili wameshanyoosha mikono tangu nilipotaja kukodi. Mwenyekiti, naomba tuanze na wao, kisha tuje kwa vijana waliosimama nyuma.